Bega Lililochoka

Ukiitazama ramani ya Kenya katika pembe yake ya kaskazini mashariki, utauona mto Daua ukishuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ukafuata mpaka wa nchi mbili, kisha ukaelekea Dolo, ambako huungana na mto Ganale na kufanya mto Juba. Kwenye ukingo wake wa kusini, upande wa magharibi ya mji wa Mandera, ndipo ulipo mji wa Rhamu. Jina la Rhamu limo katika vitabu vya historia kwa sababu ya vita. Mwezi wa Juni mwaka 1977 askari wa Somalia waliingia hapo, na Wakenya walinzi wa mpaka wakauawa. Hiyo ni historia ya bunduki, nayo ina waandishi wake. Mimi nataka, msomaji wangu, kukueleza historia ya kitu ambacho kila mkazi wa Rhamu amezaliwa nacho, yaani bega. Jinsi linavyochoka, jinsi watu wa kale na wa sasa walivyojaribu kulifunga ili lisichoke, na jinsi walivyofaulu au walivyokosa.

Huenda ukacheka, ukauliza bega lina historia gani. Lakini fikiri kidogo. Rhamu ni mji wa joto na wa mvua chache. Mto ukijaa, mashamba ya vitunguu na migomba ya ukingoni hunywa. Ukame ukizidi, mto hupungua hata ukawa mchanga mtupu, na watu hufukua mchanga huo kuyatafuta maji. Katika nchi ya namna hii maji hayamfuati mtu. Mtu huyafuata maji, akayateka, akayainua, akayabeba. Na kiungo kinachoinua ni bega.

Nchi iliyo kusini na magharibi ya Rhamu ni nchi ya visima. El Wak, mji ulio katika Kaunti hiyo hiyo ya Mandera, umepata jina lake kwa kisima, kwani maana yake ni kisima cha Waaq, na Waaq ni jina la kale la Mungu kwa Wasomali na Waoromo. Ukivuka mpaka na kuingia katika nchi ya Waborana wa Ethiopia, utavikuta visima viitwavyo tula, kama vile Dubluk, Melbana na Gayo. Visima hivi vilichimbwa zamani sana, na vingine vina kina cha mita 30 hivi. Havina gurudumu wala kamba ya kuvutia ndoo. Watu hushuka wakasimama mmoja juu ya mwenziwe, huyu juu ya jiwe lililojitokeza ukutani, yule juu ya gogo lililokingamishwa. Aliye chini kabisa hujaza ndoo na kuirusha juu; wa pili huidaka na kuirusha tena juu ya kichwa chake; hivyo hivyo mpaka inafika kwenye hori wanakonywea wanyama. Ndoo tupu nazo hushuka kwa njia hiyo hiyo. Hapo zamani ndoo zilishonwa kwa ngozi ya twiga. Siku hizi ni za plastiki. Na kazi yote hufanywa kwa wimbo, ndiyo maana wageni wameviita visima hivyo visima viimbavyo.

Yafaa tufanye hesabu, maana hesabu huonyesha mambo ambayo macho huyapita. Ngamia aliyeshikwa na kiu aweza kunywa lita 100 za maji kwa muda wa dakika kumi hivi. Tuseme ndoo moja inachukua lita 5, yaani kilo 5 za maji. Ngamia mmoja basi amehitaji ndoo 20. Ikiwa mwenye mifugo ana ngamia 30, hizo ni ndoo 600, na kila ndoo imepita katika mikono ya kila mtu aliyesimama katika mstari ule. Kilo 3,000! Tani tatu za maji zimeinuliwa juu ya kichwa kwa mabega ya kila mmoja wao, na bado jirani yake hajanywesha. Sijui mchezaji gani wa uwanjani angekubali mazoezi ya namna hiyo pasipo kupewa medali.

Sasa nyanyua mkono wako mpaka juu ya kichwa, nawe utaanza kuelewa bega ni kitu gani. Kiungo cha nyonga kimeundwa kwa kikombe chenye kina, na kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani yake. Bega halikufanywa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, lakini kikalio chake ni kidogo na hakina kina, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Ndiyo sababu mkono waweza kuzunguka pande zote, mbele, nyuma na juu, jambo ambalo mguu hauwezi. Lakini uhuru huo una gharama yake. Kinacholishika chungwa lisianguke si mfupa, bali ni misuli, na hasa misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni, na kulizunguka chungwa kama vidole vya mkono. Kazi yake si kuinua mzigo. Kazi yake ni kukishikilia kichwa cha mfupa katikati ya kisahani wakati misuli mikubwa inapoinua.

Tena weka kiganja chako juu ya kombe la bega la mwenzako, mwambie ainue mkono polepole. Utalihisi kombe likizunguka na kupanda. Mwaka wa 1944 madaktari watatu wa Marekani, Inman, Saunders na Abbott, walilipima jambo hilo, wakaona ya kuwa katika kuinua mkono kote, kwa kila nyuzi mbili zinazotendwa na kiungo chenyewe, uzi mmoja hutendwa na kombe. Kwa hiyo mtu arushaye ndoo, apigaye mpira wa wavu au atupaye mkuki hatumii bega peke yake. Misuli ya mgongo na ya mbavu hulisukuma kombe ili kisahani kiwe chini ya chungwa kila dakika. Misuli hiyo ikichoka, kisahani huchelewa. Misuli minne midogo ikichoka, chungwa hupanda juu na kuzisaga kano zilizo kati yake na mfupa wa juu ya bega. Hapo maumivu huanza. Daktari Charles Neer wa New York aliyaeleza maumivu hayo ya kubanwa kwa kano mwaka wa 1972, na tangu hapo wachezaji wengi wameyajua kwa jina, ingawa wavuta maji walikuwa wakiyajua kwa mwili.

Lakini kuchoka ni nini? Swali hili lilimsumbua sana Mwitalia mmoja, Angelo Mosso, profesa wa mji wa Turin. Mnamo miaka ya 1880 alitengeneza chombo cha kupimia uchovu. Mkono wa mtu ulifungwa juu ya meza usitikisike, na kidole cha kati kikafungiwa uzi wenye uzito wa kilo 2 au 3. Kila baada ya sekunde mbili kidole kiliuvuta uzito, na kalamu ikachora urefu wa kila mvuto juu ya karatasi, mpaka kidole kiliposhindwa kabisa. Mwaka wa 1891 Mosso alitoa kitabu juu ya uchovu, nacho kikasomwa Ulaya nzima.

Nakuomba usikipite kidole hicho upesi, kwa kuwa kilifundisha mambo mawili yasiyotazamiwa. La kwanza lilimhusu Maggiora, mwalimu mwenzake Mosso. Walipima kidole chake kabla hajaenda kuwatahini wanafunzi, wakakipima tena baada ya mtihani. Kidole kilikuwa kimepoteza nguvu, hali Maggiora hakuinua kitu siku ile isipokuwa maswali. (Wanafunzi, nadhani, walikuwa na hali mbaya zaidi, lakini hakuna aliyepima vidole vyao.) Uchovu basi haukai katika nyama peke yake, akili nayo ina fungu lake.

La pili ndilo linalotuhusu hapa. Mosso aliona ya kuwa kidole kikivuta mara 30 mpaka kikashindwa, kilihitaji kupumzika saa mbili kabla ya kurudiwa na nguvu zake zote. Je, kikivuta mara 15 tu, kitahitaji muda gani? Wewe na mimi tungejibu kwa haraka, saa moja. La, kilihitaji nusu saa. Nusu ya kazi ilidai robo tu ya mapumziko. Maana yake ni kwamba mivuto ya mwisho, ile ambayo mtu huifanya kwa kusaga meno baada ya msuli kusema basi, ndiyo yenye gharama kubwa kuliko yote, na tena ndiyo yenye tija ndogo. Mosso mwenyewe alionya ya kuwa kazi inayofanywa na msuli uliokwisha kuchoka huudhuru zaidi kuliko kazi kubwa inayofanywa na msuli mzima.

Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu waliitupia lawama asidi ya laktiki, ambayo huonekana katika msuli uliofanya kazi kwa nguvu. Hata leo utawasikia watu wakisema hivyo viwanjani. Leo wataalamu hawaioni tena kuwa mkosaji mkuu. Inaonekana chumvi za fosfati hujikusanya ndani ya msuli, kalsiamu hukosa kutoka kama ipasavyo, na mishipa ya fahamu nayo hupunguza amri zake. Zaidi ya hayo, msuli uliokazwa bila kulegezwa huibana mishipa yake ya damu wenyewe. Jaribu kukiinua kitabu hiki kwa mkono ulionyoshwa, usiushushe, uone utafika dakika ngapi. Mwaka wa 1976, nchini Sweden, Herberts na Kadefors walichunguza mabega ya wachomeaji vyuma, watu ambao hushinda mikono imeinuliwa; nao wakazisoma dalili za uchovu katika michoro ya umeme wa misuli ya bega. Hao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa vibarua, kama wavuta maji.

Sasa tuje kwenye habari ya kufunga. Mtu akiumwa na kiungo, jambo la kwanza analolitaka ni kukishika, na akichoka kukishika kwa mkono hutafuta kitambaa. Wagiriki walikuwa na shule za mieleka na michezo, na mabega yao yaliteguka kila siku. Katika maandiko yanayohesabiwa kuwa ya Hippocrates, aliyeishi yapata miaka 400 kabla ya Kristo, wametajwa watu waliokuwa hodari kwa michezo lakini wakalazimika kuiacha kwa sababu bega lao lilikuwa likitoka mara kwa mara. Dawa iliyotajwa ni ya kutisha: kuchoma ngozi ya kwapani kwa chuma cha moto, ili kovu likaze mahali palipolegea. Usiwacheke Wagiriki. Kuchoma kwa chuma cha moto ni tiba ya kale ya maumivu kwa Wasomali pia, na pengine babu yako ana alama zake.

Galen naye, aliyekuwa daktari wa watu wapiganao uwanjani katika mji wa Pergamon karne ya pili baada ya Kristo, aliumia bega yeye mwenyewe. Alikuwa akifanya mazoezi huko Rumi, umri wake ukiwa miaka 35, mtulinga ukaachana na mfupa wa bega. Alijifunga kitambaa cha kukaza, akavumilia siku 40 mpaka mfupa ukarudi mahali pake. Angalia vema alichokifanya: alilifunga bega ili lisiende popote. Kwa karne nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kufunga. Kitambaa kilikuwa ni kifungo, na kiungo kilikuwa ni mfungwa.

Mwaka wa 1895 daktari Virgil Gibney wa New York aliandika juu ya kufunga kifundo cha mguu kilichoteguka kwa vipande vya plasta ya kunata, ili mgonjwa aweze kutembea badala ya kulala kitandani. Mwaka huo huo, katika mji wa Holyoke nchini Marekani, William Morgan aliuanzisha mchezo ambao sisi twauita mpira wa wavu. Mambo mawili hayo hayakujuana wakati yalipozaliwa, lakini yalikuwa yamekusudiwa kukutana. Maana hakuna michezo mingi inayolitaabisha bega kuliko huo, na plasta isiyovutika haimfai mtu anayetaka kuruka na kupiga.

Aliyetafuta njia nyingine alikuwa Mjapani, Kenzo Kase. Katika miaka ya 1970 aliona ya kuwa plasta ngumu humzuia mgonjwa kujongea na tena huidhuru ngozi, akatamani utepe unaovutika kama ngozi yenyewe. Utepe uliopatikana ulikuwa wa pamba yenye nyuzi za kuvutika, mwembamba, wenye gundi inayoshika kwa joto la mwili. Kipande cha sentimita 10 huweza kuvutwa kikafika 14 hivi. Hukaa juu ya ngozi siku kadhaa, hata mtu akioga. Kase alieleza ya kuwa utepe ukibandikwa kwa ustadi huinyanyua ngozi kidogo, ukaipa nafasi damu na maji ya mwili kupita chini yake. Hapa pana badiliko kubwa katika historia yetu. Galen alifunga ili bega lisijongee. Kase alifunga ili lijongee. Kitambaa kiliacha kuwa kifungo, kikataka kuwa msaidizi.

Dunia haikuutambua utepe huo sana mpaka mwaka wa 2008. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, watengenezaji wake waligawa bure mikunjo 50,000 kwa timu za nchi 58. Kerri Walsh wa Marekani, mchezaji wa mpira wa wavu wa ufukoni, aliyekuwa amepasuliwa bega, alionekana na nyota nyeusi ya utepe juu ya bega lake la kulia, naye pamoja na mwenzake Misty May-Treanor wakachukua medali ya dhahabu. Mamilioni ya watu waliona picha hiyo. Wengi walihesabu hivi: ana utepe, ameshinda, basi utepe unashindisha. Ni hesabu ya namna ile ile inayomfanya mtu aamini hirizi. Walsh alikuwa ameshinda dhahabu Athens mwaka wa 2004 pia, bila nyota ile.

Utepe ulitakiwa upimwe kwa njia ya haki. Njia yenyewe ni hii: wagonjwa hugawanywa mafungu mawili kwa kura, hawa hubandikwa utepe kwa kanuni zote, wale hubandikwa utepe wa rangi ile ile lakini pasipo kuvutwa wala kufuata msuli, tena hakuna mgonjwa anayeambiwa yuko fungu gani. Mwaka huo huo wa 2008 Thelen na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kama hilo kwa wanafunzi 42 wa chuo huko Marekani, wote wakiumwa na bega. Mara baada ya kubandikwa, wenye utepe wa kweli waliweza kuinua mkono bila maumivu zaidi ya hapo kwanza, kwa nyuzi 17 hivi. Hilo si jambo dogo. Lakini siku ya tatu na siku ya sita mafungu yote mawili yalikuwa sawa. Mwaka wa 2009, huko Taiwan, Hsu na wenzake waliwapima wachezaji 17 wa besiboli wenye maumivu ya bega, wakaona utepe uliufanya msuli mmoja wa chini ya kombe utende kazi vizuri zaidi wakati wa kuushusha mkono. Mwaka wa 2012 wataalamu wa New Zealand waliyakusanya majaribio yaliyofaa, nayo yalikuwa 10 tu, wakahukumu ya kuwa faida za utepe kwa majeraha ya michezo zilikuwa ndogo kuliko sifa zake.

Hukumu yangu mimi, baada ya kuyapima hayo, ni kwamba utepe si ulaghai, wala si dawa ya uchovu. Hukaa juu ya ngozi, na ngozi ina hisia. Huikumbusha akili kwamba bega lipo, na pengine hutuliza maumivu kwa muda. Lakini uchovu uko ndani, katika nyuzi za msuli na katika amri za akili, mahali ambapo gundi haifiki. Rangi yake ya samawati au ya waridi haiongezi damu iliyopungua, wala haiziondoi chumvi zilizojikusanya. Na hapa ndipo ninapoogopa. Maumivu ni mlinzi wa mlango. Mchezaji aliyemnyamazisha mlinzi huyo huku msuli umechoka ataendelea kurusha, naye yuko katika ile mivuto ya mwisho ya Mosso, yenye gharama kubwa kuliko yote.

Gharama hiyo imekwisha kuhesabiwa. Mwaka wa 2006 Olsen, Fleisig na Andrews wa Marekani walitoa uchunguzi juu ya vijana warushaji wa besiboli, wale waliopasuliwa bega au kiwiko, wakiwalinganisha na wenzao ambao hawakupata kuumia. Waliuliza juu ya mambo mengi: aina za mitupo, kasi, miezi ya kucheza. Jambo moja liliyapita yote. Vijana waliokuwa na desturi ya kurusha hali mkono umechoka walikuwa katika hatari ya kupasuliwa mara 36 zaidi kuliko wengine. Usishangae. Bega la mrushaji mkubwa huzunguka kwa kasi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kama lingeweza kuendelea lingefanya mizunguko kama 19 kabla hujasema neno moja. Kisahani kikichelewa kidogo katika kasi hiyo, kinachosagika hakirudi kwa siku mbili.

Wamarekani walifanya nini? Hawakubuni utepe mwingine. Mwaka wa 2007 chama chao cha besiboli ya watoto kiliweka sheria ya kuhesabu mitupo: mtoto wa miaka 11 au 12 hapiti mitupo 85 kwa siku, na akikaribia idadi hiyo lazima apumzike siku kadhaa kabla ya kurusha tena. Mtu hukaa kando ya uwanja na kalamu, akihesabu.

Turudi basi kwenye visima. Kwa Waborana yuko mtu aitwaye aba herega, maana yake baba wa zamu ya kunywesha. Ndiye apangaye mifugo ya nani itakunywa siku gani na baada ya nani, na hakuna anayemruka. Kazi yake ni kuyalinda maji yasigombaniwe, lakini mpango huo huyapanga mabega pia, kwa kuwa siku ambayo ng'ombe wako hawanywi ni siku ambayo bega lako limelala. Ndani ya kisima wimbo nao una kazi yake. Kila ndoo hufika pamoja na silabi yake. Kati ya ndoo na ndoo pana nafasi ndogo ambayo msuli hulegea na damu hupita. Aliyechoka hupanda, mwingine akashuka mahali pake. Hawakumsoma Mosso. Hata hivyo, ukiwaweka mezani pake na uzi katika vidole vyao, wangemwambia aufungue uzi mapema zaidi.

Kenya ina mabega yake mashuhuri pia. Julius Yego, mwana wa Nandi, aliyejifundisha kurusha mkuki kwa kutazama video, alikuwa bingwa wa dunia huko Beijing mwaka wa 2015 kwa mita 92.72, kisha akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016. Mkuki wake una gramu 800 tu. Timu ya taifa ya mpira wa wavu ya wanawake, iitwayo Malkia Strikers, ilikwenda Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris, na mwaka wa 2023 ilichukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi. Watu kama hao wana makocha na waganga wanaowahesabia mitupo na mapigo.

Wewe uliye Rhamu, au mahali pengine pa namna hiyo, huna mhesabuji. Mwalimu wa michezo huuona mpira ulioupiga uwanjani, lakini halioni dumu ulilolibeba kutoka mtoni kabla ya kengele ya asubuhi. Na mama nyumbani hulijua dumu, lakini hajui ulipiga mpira mara ngapi jana jioni. Bega huyajua yote mawili, na halina daftari. Chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati, uandike siku saba: upande mmoja mipira na mitupo, upande wa pili maji, jembe na kuni. Mwishoni mwa kila siku andika saa ambayo bega lilianza kuwa zito. Kisha mpe mwalimu wako wa michezo aisome kabla hajapanga timu ya Jumamosi.